Kirefusho cha Koleti kwa Mashine ya Rauta: Kununua, Kufunga na Kutumia kwa Salama

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji anayenunua, au anayefikiria kununua, kirefusho cha koleti kwa mashine yake ya rauta. Limeandikwa pia kwa mwenye nyumba ambaye hashiki mashine yoyote, lakini fundi aliyempa kazi anakitumia kifaa hicho barazani kwake. Kifaa chenyewe ni kidogo, huingia mfukoni, na bei yake haifiki mbali ukiilinganisha na bei ya mashine. Kwa sababu hiyo hununuliwa kwa haraka, bila ya maswali ambayo mnunuzi angeyauliza kama angekuwa ananunua mashine yenyewe. Maswali hayo ndiyo tunayotaka kuyapitia hapa.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Rauta ni mashine ya umeme inayochonga mifereji, kingo na nakshi kwenye mbao. Ndani yake mna mhimili unaozunguka kwa kasi kubwa, na mwisho wa mhimili huo ipo koleti, yaani bushi ya chuma iliyopasuliwa ubavuni, ambayo nati ikikazwa hujibana na kulishika shina la kisu. Kisu hicho mafundi wengi hukiita biti. Kirefusho cha koleti ni kipande cha chuma chenye shina upande mmoja na koleti nyingine upande wa pili. Shina lake hufungwa ndani ya koleti ya mashine, kisha kisu hufungwa ndani ya koleti yake. Kwa namna hiyo kisu husogea mbele kwa kiasi cha milimita 50 hadi 60. Wapo wanaokiita ekstensheni, lakini kwa kuwa jina hilo limeshazoeleka kwa waya wa umeme, ukienda dukani sema wazi kwamba unataka koleti ya kurefushia, usije ukarudi Mtoni na waya wa mita tano.

Kwa nini mtu akihitaji

Milango ya Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ilichongwa kwa patasi na nyundo. Fundi wa leo anayetengeneza mlango wa namna hiyo kwa nyumba mpya au kwa hoteli mara nyingi hufungua mifereji ya mwanzo kwa rauta, kisha akamaliza nakshi kwa mkono. Miimo ya milango hii ni minene, na mfaa unaosimama katikati ni mnene zaidi. Kisu cha kawaida cha rauta hufika kina fulani kikasita, na fundi akataka kufika mbali zaidi: tundu la kufuli, tundu la kiungo, mfereji wa ndani. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayowapeleka watu kununua kirefusho.

Sababu ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, nayo ni meza. Fundi huichukua rauta ya mkono, akaipindua na kuifunga chini ya ubao wenye tundu, kisha akaupitisha mti juu ya kisu badala ya kuipitisha mashine juu ya mti. Ni njia nzuri, na kwa vipande vidogo ni salama kuliko kushika mashine mkononi. Tatizo ni kwamba meza nyingi za kujitengenezea huwa za mbao za kubandika zenye unene wa milimita 18, na wakati mwingine mbili zilizowekwa pamoja. Unene huo wote hula urefu wa kisu. Kisu kinachobaki juu ya meza huwa kifupi mno kwa kazi, na zaidi ya hayo koleti huwa imezama chini, spana haifiki, na kila mara kisu kinapobadilishwa fundi hulazimika kuinama au kuifungua mashine nzima. Kirefusho huyaondoa matatizo yote mawili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kununua, lakini, tunamshauri mtumiaji aitazame meza yake upya. Kama ubao wa juu ndio unaokula urefu, dawa iliyo salama zaidi ni kuupunguza ubao pale mashine inapofungwa. Kata shimo la mraba linaloizidi mashine kidogo kwa ukubwa, uchonge ukingo wa ndani wa shimo hilo, kisha upachike hapo bamba la alumini lenye unene wa milimita 6 hadi 10, likae sawasawa na uso wa meza, na mashine uifunge kwenye bamba hilo. Kwa ubao wa milimita 36 unakuwa umepata karibu sentimita tatu bila ya kuongeza kiungo chochote katika sehemu inayozunguka. Bamba la alumini halizunguki, na kitu kisichozunguka hakiruki. Kwa tundu la kufuli vilevile, kisu kilichotengenezwa kikiwa kirefu tangu kiwandani ni bora kuliko kisu kifupi juu ya kirefusho, na tundu lililoanzwa kwa keekee na kumaliziwa kwa patasi ni bora kuliko vyote viwili. Kazi hiyo mafundi wetu wanaiweza vizuri sana.

Kinachobadilika kisu kinaposogea mbele

Kirefusho hakiongezi nguvu ya mashine. Kinachoongezeka ni umbali kati ya mahali kisu kinapokata na mahali mashine inapokishika, na hatari yote inatoka katika umbali huo. Mtu aliyewahi kupiga kasia anajua kwamba ukilishika karibu na bapa lake unalimiliki, na ukilishika mwishoni maji yanakumiliki wewe. Mti mgumu unaposukuma ubavu wa kisu, msukumo ule ule huipinda zaidi fimbo ndefu kuliko fupi, na ongezeko hilo si la kadiri kwa kadiri. Kwa fimbo yenye unene mmoja, kiasi cha kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu: urefu ukiwa maradufu, kupinda huwa mara nane. Kisu kilichokuwa kimetokeza milimita 40 kikitokeza milimita 95, hesabu hutoa zaidi ya mara 13. Mwili wa kirefusho ni mnene kuliko shina la kisu, kwa hiyo kwa vitendo hali si mbaya kiasi hicho, lakini shingo yake, pale inapoingia ndani ya mashine, imebaki na unene ule ule wa zamani na sasa inabeba mzigo wa fimbo nzima.

Jambo la pili ni kuyumba. Hakuna koleti inayoshika katikati kwa ukamilifu. Koleti ya mashine ina kosa lake dogo, na koleti ya kirefusho ina lake. Ukizifunga moja juu ya nyingine makosa yanaweza kujumlishwa, na umbali ukayakuza. Kitu kisichokaa katikati kinapozunguka huvuta kuelekea nje, na kasi ikizidi maradufu mvuto huo huwa mara nne. Rauta nyingi huzunguka kati ya mara 8,000 na mara 25,000 kwa dakika. Mizunguko 20,000 kwa dakika ni zaidi ya 330 kwa kila sekunde, na kisu chenye upana wa milimita 50 kikienda kwa kasi hiyo, ncha za meno yake husafiri kwa takriban kilomita 188 kwa saa. Gari la abiria halijawahi kupita Mtoni kwa mwendo huo. Kipande cha chuma kikikatika kwa kasi kama hiyo, jicho halipati muda wa kufumba.

Kwa sababu hizi mbili tunasisitiza jambo ambalo maelezo ya vifaa vyenyewe mara nyingine hulitaja kwa herufi ndogo: kirefusho ni cha rauta iliyofungwa mezani, na hakifai kabisa kwa rauta iliyoshikwa mkononi. Mezani, mashine imetulia na mti ndio unaosogea ukiwa umeegemea ubao elekezi. Mkononi, mashine hulala kidogo kila fundi anapobadilisha mshiko, na kulala kidogo kwenye kitako ni kulala kukubwa kwenye ncha ya kisu kilichorefushwa. Mwenye nyumba akimwona fundi anataka kuchimba tundu la kufuli kwenye mlango uliosimama, kwa rauta ya mkono yenye kirefusho, ana haki ya kusema kazi isimame. Si kumvunjia fundi heshima. Atamwambia, "Fundi, hapo naomba utumie patasi, muda utakaozidi nitaulipa," na mlango utakuwa na kufuli siku ile ile.

Dukani

Kosa linalotokea kwa wepesi zaidi linatokana na vipimo. Visiwani kwetu mashine huingia kutoka pande nyingi, mpya na zilizotumika, na kila upande una desturi yake. Mashine za Kijapani aghalabu hutumia mashina ya milimita 12 na milimita 6. Zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza na Marekani hutumia nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Kwa Ulaya bara milimita 8 ni ya kawaida pia. Sasa angalia: kati ya milimita 12 na nusu inchi tofauti ni milimita 0.7, na kati ya milimita 6 na robo inchi ni milimita 0.35. Jicho haliioni tofauti hiyo, na ukikaza nati kwa nguvu koleti ya nusu inchi inaweza kulikamata shina la milimita 12 ikakudanganya kuwa imeshika. Imeshika kwa ncha tu. Itaachia mashine ikipata moto.

Mnunuzi, basi, asiende dukani na kumbukumbu. Aende na koleti ya mashine yake, au aandike kilichochorwa usoni mwa koleti hiyo, na amwombe muuzaji kalipa ya kupimia. Shina la kirefusho lipimwe, na koleti ya kirefusho ipimwe kwa kisu kitakachotumika. Jaribio jepesi ni hili: kabla ya kukaza nati, shina liingie kwa kusukumwa na vidole, likiwa na ukinzani kidogo, na lisicheze huku na huku. Linaloingia likitikisika ni jembamba kwa koleti hiyo, na linalohitaji kupigwa ni nene. Yote mawili hayanunuliwi.

Tumesikia juu ya mafundi wanaozungushia shina karatasi ya bati la kopo la soda ili lijae. Njia hiyo isitumiwe kwa hali yoyote. Bati hujikunja na kuteleza, nalo halina uwezo wa kushika kwa usawa pande zote. Zipo bushi halisi za kupunguzia, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na hizo zinafaa kwa kisu kinachofungwa moja kwa moja kwenye mashine, lakini zisiunganishwe na kirefusho, kwa sababu kila kiungo kinachoongezwa huleta kosa lake. Kwa sababu hiyo hiyo virefusho viwili havipandishwi kimoja juu ya kingine. Na mwenye mashine ndogo inayopokea shina la milimita 6 au robo inchi peke yake asitafute kirefusho kabisa: shina jembamba kiasi hicho halina mwili wa kubeba mzigo huo.

Baada ya kipimo, tazama namna kirefusho kinavyokishika kisu. Vipo vinavyotumia koleti na nati kama mashine yenyewe, na vipo vinavyotegemea skrubu ndogo ya pembeni inayolibonyeza shina upande mmoja. Hivyo vya skrubu hukisukuma kisu kutoka katikati, na skrubu hulegea kwa mtetemo. Tunamshauri mtumiaji aviache, hata kama bei yake inavutia. Kisha soma maandishi. Bidhaa ya kuaminika ina jina la mtengenezaji, kipimo cha shina, kipimo cha koleti, na idadi ya juu ya mizunguko inayoruhusiwa kwa dakika. Kirefusho kisichotaja mizunguko hakimpi mnunuzi njia ya kujua mpaka wake, na sisi tunakihesabu kuwa hakina mpaka ulio salama.

Kwa upande wa visu, vilivyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya EN 847-1 huchorwa jina la mtengenezaji na mizunguko ya juu kabisa, pamoja na herufi MAN kwa visu vinavyofaa kazi ya kusukuma mti kwa mkono. Katika mashina ya visu vingi vya namna hiyo upo pia mstari mdogo, mara nyingi wenye herufi K, unaoonyesha ni kiasi gani cha shina kinachopaswa kuzama ndani ya koleti kwa uchache. Mstari huo ukibaki nje, kisu hakijafungwa, hata nati ikiwa imekazwa namna gani. Kirefusho kikiwa na mpaka wa mizunguko ulio chini kuliko wa kisu, mpaka wa kirefusho ndio unaofuatwa.

Risiti iandikwe kipimo. "Koleti moja" haitoshi. Iandikwe, kwa mfano, "kirefusho cha koleti, shina nusu inchi, koleti nusu inchi", pamoja na jina lililochorwa. Mstari huo mmoja ndio utakaokuwa ushahidi wako ikiwa uliuziwa milimita 12 kwa jina la nusu inchi.

Kufunga

Chomoa plagi kwenye soketi kabla ya jambo lolote jingine, na plagi hiyo iwe mahali unapoiona. Swichi iliyozimwa haitoshi, kwa kuwa chini ya meza swichi huguswa na goti au kiwiko. Kwetu kuna jambo la ziada: umeme unapokatika kazini, mashine husimama na fundi hukaa kuusubiri. Mashine nyingi hazina kizuizi cha kujiwasha upya, na umeme ukirudi zinaanza kuzunguka pale pale zilipokomea, pengine huku mkono umeshafika kwenye nati. Umeme ukikatika, zima swichi na uchomoe plagi kwanza, ndipo uendelee na mazungumzo.

Safisha koleti zote mbili. Utomvu na unga wa mbao hujikusanya ndani ya mipasuo, na katika karakana zilizo karibu na bahari, kama zilivyo nyingi za Mtoni, chumvi ya hewani huleta kutu kwa muda mfupi. Utomvu hutolewa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha kila kitu hufutwa hadi kikauke kabisa. Mafuta ya kuzuia kutu hupakwa wakati wa kuhifadhi na hufutwa kabla ya kufunga, kwa kuwa koleti yenye mafuta huteleza. Koleti yenye kutu iliyokwisha kula chuma, au yenye ufa, haina matengenezo.

Liingize shina la kirefusho ndani ya koleti ya mashine mpaka lifike mwisho, halafu livute nje milimita 2 au 3. Mwanzoni jambo hili huwashangaza watu, kwa kuwa akili huona kwamba kugota mwisho ndiko kushika vizuri. Ukweli ni kwamba nati inapokazwa koleti huvutwa kuelekea ndani, na shina lililokwisha kugota haliwezi kuifuata. Koleti hubana nusu, nati huhisi ngumu mkononi, na kazi ikiendelea shina hutambaa taratibu kutoka nje. Kaza kwa spana zilizokuja na mashine. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kisu ndani ya kirefusho, ukiangalia kwamba koleti inalishika shina lenyewe la mviringo na haishiki pale shina linapoanza kupanuka kuelekea kwenye meno. Koleti inayotumika ijae shina. Robo ya koleti ikibaki tupu, hicho ndicho kiwango cha mwisho cha kuvumilia kwa rauta peke yake, na kwa kirefusho tunashauri isibaki hata hiyo.

Nati ya kirefusho ni pana kuliko shina, kwa hiyo kabla ya kuwasha zungusha kisu kwa mkono mzunguko mzima na utazame kama nati inagusa bamba la meza. Nati isipande juu ya uso wa meza ikakutana na mti. Wala tundu la meza lisiachwe wazi kupita kiasi kwa kuikimbia nati, kwani mti mwembamba unaweza kudumbukia ncha ndani ya tundu na kunaswa na kisu. Tundu lizidi nati kwa milimita chache tu pande zote.

Sasa washa kwa kasi ya chini kabisa, wewe ukiwa umesimama upande, si mbele ya kisu, na watoto wakiwa nje ya karakana. Sikiliza kwa nusu dakika. Mlio uwe mmoja, usiopanda na kushuka. Ukiweka kiganja kwenye ukingo wa meza, mtetemo usizidi sana ule uliouzoea bila ya kirefusho. Ukizidi, zima, chomoa, fungua vyote, safisha, ufunge upya. Ukizidi mara ya pili, kirefusho hicho au kisu hicho hakikukaa sawa na hakitakaa. Kikiwa kimetulia, ongeza kasi hatua kwa hatua. Baada ya dakika chache za kazi ya kwanza zima na uchomoe tena ukakaze nati zote mbili, kwa sababu joto hubadilisha mshiko.

Kazini

Visu vinavyofaa juu ya kirefusho ni vyembamba, vya mfereji ulionyooka au vya ukingo mdogo. Visu vipana, vya milimita 50 au zaidi, vinavyochonga paneli za milango ya kabati, visifungwe hapo hata kwa kasi ndogo. Kwa kisu chembamba anza na mizunguko kati ya 10,000 na 14,000 kwa dakika, ukizingatia kwanza mpaka uliochorwa, na kata kidogo kidogo: milimita moja na nusu au mbili kwa kila pito. Mfereji wa milimita 10 utachukua mapito matano hadi saba. Anayeona hilo ni kupoteza muda ajue kwamba kisu kinachokata kidogo hakichomi mti, na mti usioungua hauhitaji msasa mwingi.

Rauta ikiwa chini ya meza, kisu huzunguka kinyume cha mwendo wa saa ukikitazama kutoka juu. Mti husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukiegemea ubao elekezi, ili kisu kiusukume nyuma dhidi ya mikono yako. Ukiusukuma kwa upande mwingine kisu huuchukua mti, na vidole huenda nao. Wala mti usipitishwe katika nafasi iliyo baina ya kisu na ubao elekezi. Kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti.

Mti wenyewe una tabia zake, na hapa fundi anajua zaidi kuliko kijitabu chochote. Tutaje mambo mawili tu. Mvule, unaopendwa kwa milango, wakati mwingine huwa na mawe ndani yake, madonge magumu yenye chokaa ambayo hayaonekani mpaka kisu kiyafikie. Kisu kifupi kikigonga jiwe hupoteza jino, lakini kisu kilichorefushwa kinaweza kupinda shingo yake yote. Kwa mvule, basi, na kwa mbao za zamani zilizotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa, ambazo huficha misumari, tunashauri kirefusho kisitumiwe kabisa. Msaji nao una chembe ngumu zinazofanya makali yaishe mapema, na kisu butu husukuma badala ya kukata, na kusukuma ndiko kunakokielemea kirefusho. Kisu kinoweshwe au kibadilishwe mapema kuliko ulivyozoea.

Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyemo karakanani, pamoja na mwanafunzi anayefagia. Glavu hazivaliwi, kwa sababu kisu huzinasa. Mikono ya kanzu ikunjwe juu ya kiwiko, ncha za mtandio zifungwe nyuma, na mnyororo wa shingoni uvuliwe. Mwanafunzi wa ufundi asipewe kazi ya kirefusho mpaka ameizoea rauta bila ya hicho, kama wanavyoanza kwa hatua wale wanaosoma useremala katika vituo vya mafunzo ya amali.

Jicho likiingiwa na kipande, lisisuguliwe na kipande kisivutwe. Lifunikwe kwa kitu kisichologusa, kama sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na mgonjwa apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja au kituo cha afya kilicho karibu bila ya kusubiri maumivu yaongezeke. Kipande kidogo kilichoingia kwa kasi huenda kisiume siku ya kwanza.

Kifaa kikiharibika

Kirefusho kilichopinda, kilichopasuka au kilichoachia kisu kisitumiwe tena na kisitupwe. Mtumiaji akiweke pamoja na kisu kilichokuwemo, boksi na risiti, na akipige picha kabla ya kusafisha, kwa kuwa alama za kuteleza kwenye shina huonyesha kama koleti ilikuwa ya kipimo kingine. Aanze kwa muuzaji. Muuzaji akikataa kupokea malalamiko, suala la ubora lifikishwe Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nam. 1 ya mwaka 2011, na suala la kuuziwa kitu kisicholingana na maelezo lifikishwe Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Malalamiko yataje tarehe ya kununua, duka, kipimo kilichoandikwa kwenye risiti, kipimo kilichopatikana kwa kalipa, na mashine iliyotumika pamoja na kasi iliyowekwa. Ikiwa shina limekatikia ndani ya koleti ya mashine, lisigongwe wala lisitobolewe ili litoke. Mashine ipelekwe kama ilivyo.